Debe Halipandi Basi

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kulisifia jambo mbele za watu. Tunatangaza, tunanadi, tunavumisha, tunapigia chapuo, tunapigia debe. Na miaka ya karibuni vijana wa Tanzania wametuongezea uchawa, neno chafu kidogo lakini lenye macho, kwa kuwa chawa humng'ang'ania yule anayemnyonya. Ukiyapanga maneno haya kwa ukubwa wa kelele hutaambulia kitu, maana mwadhini huweza kumzidi mpiga debe kwa sauti, na chawa akatosheka na kunong'ona. Kinachoyatenga ni umbali uliopo kati ya msemaji na anachokisema. Mpiga debe anauonyesha wazi. Kutwa anaita abiria wa Morogoro, anawapokea mizigo, anaapa kwamba gari linaondoka sasa hivi. Likiondoka, yeye anabaki stendi na kuligeukia linalofuata. Siku hizi hata debe lenyewe hana, anagonga ubavu wa basi kwa kiganja. Basi swali la haki, kwa maoni yangu, si kama inafaa kukisifu kitu kwa sauti. Ni kama anayekisifu yumo safarini.

Neno kunadi ndilo linalolipa swali hili uzito wa dini. Limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuita, na mzizi huohuo umo katika aya ya 9 ya Sura ya Ijumaa, pale waumini wanapoagizwa waache biashara mara wasikiapo mwito wa sala. Kwetu neno likashika njia ya sokoni, likazaa mnada. Mwito mmoja unamtoa mtu dukani, mwingine unamrudisha humo. Lakini mwadhini akishamaliza huingia safuni pamoja na wale aliowaita, ilhali dalali akishagonga nyundo, kitanda kikivunjika ni shauri la aliyekinunua.

Wapo watakaosema tunajisumbua bure, kwa sababu kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Kwa kipimo hicho kila tangazo ni ungamo la upungufu. (Methali yenyewe, tukiri, imetumika kuwakemea mabinti kuliko kuwachunguza wafanyabiashara.) Lakini chungu hujiuza pale ambapo kijiji kizima kinamjua mfinyanzi. Chanjo haijiuzi hata siku moja, kwa kuwa aliyekingwa hauoni ugonjwa uliompita kando. Mwezi Oktoba 1977 Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, alipanda gari na wagonjwa wa ndui kwa dakika chache tu ili kumwelekeza dereva njia. Hakuwa amechanjwa; aliogopa maumivu ya sindano. Akaugua, akapona, na akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa maambukizi ya kawaida. Baadaye alizunguka akiwasihi wazazi wa Somalia wawapeleke watoto kwenye chanjo ya polio, akiwasimulia kosa lake mwenyewe, na malaria ilimuua mwaka 2013 akiwa bado katika kazi hiyo. Alitembeza kitu kizuri, na dhamana yake ilikuwa mwili wake. Injili ya Mathayo nayo, katika sura ya 5, haitaki taa ifunikwe. Sura ya 6 inakataza kupiga panda wakati wa kutoa sadaka. Sioni mgongano. Taa humulika njia ya wengine, panda huyarudisha macho kwa mpigaji.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mpiga debe hamdanganyi mtu. Kila abiria anajua kwamba analipwa, kama ajuavyo kuwa wakili hulipwa na mteja wake. Hili nalikubali, na linanilazimu niisogeze hoja yangu: umbali wenyewe si dhambi, dhambi ni kuuficha. Fikihi ya Kiislamu ina jina la kosa hilo. Najashi ni kupandisha bei mnadani bila nia ya kununua, ili wengine wavutike, na Mtume aliikataza. Anayetaka kuiona leo aende kwenye vituo vya matatu, akawatazame wale wanaolipwa kukaa vitini wakijifanya abiria, kisha wanashuka mmoja mmoja kadiri abiria wa kweli wanavyoingia. Hawa hawapigi kelele yoyote, na madhara yao ni makubwa kuliko ya mpiga debe kwa kuwa wameuvaa uso wa mwenzetu wa safari. Mtu maarufu anayesifu sabuni kama rafiki huku akificha malipo yuko kiti kimoja nao. Kadhalika anayesimama kwenye mkutano wa maombi akatoa ushuhuda wa kupona ugonjwa ambao hakuwahi kuuugua.

Nitaulizwa tena: je, mhubiri anayeamini kwa moyo wote, naye amepotea? Huyo amepanda basi kweli, na familia yake yote imo. Kipimo changu hakimkamati, wala sidai kinamkamata. Kinatuambia nani anastahili kusikilizwa. Hakituambii breki zinashika. Abiria bado ana kazi ya kuinama na kuyatazama matairi.