Wito na Ikama
Upareni uuguzi uliingia pamoja na injili: Gonja hospitali ni ya Walutheri, na Suji ni ngome ya Waadventista tangu enzi za Wajerumani. Ndiyo maana muuguzi akisema kazi imemzidi hujibiwa kwa lugha ya ibada, hata kama mwajiri wake ni halmashauri: huu ni wito, vumilia. Je, wito wa mtu unaweza kulipa deni la mwajiri wake? Nasema hauwezi, na ushahidi uko wodini. Chati ya uchungu inamtaka mkunga kila nusu saa aweke mkono tumboni mwa mzazi na kuhesabu mikazo kwa dakika 10. Wazazi wakiwa watatu na mkunga mmoja, nusu saa imekwisha kabla hajasikiliza moyo wa mtoto hata mmoja. Itambidi achague nani asipimwe, na asubuhi atakabidhi zamu akijua alichokiruka. Hicho humchosha kuliko miguu. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake wa mwaka 2002, katika hospitali za Pennsylvania, ulikuta kila mgonjwa aliyeongezwa kwa muuguzi akiambatana na ongezeko la asilimia 23 la uwezekano wa muuguzi huyo kuchakaa kwa kazi. Upare si Marekani, lakini dakika ni zile zile. Tena mwenye wito ndiye huumia kwanza, maana asiyejali hana kinachomkera. Anayeomba uhamisho kwenda mjini huenda anauokoa wito wake, ila mzigo wake unabaki kwa wenzake, nao wataomba kuhama.

Wapo watakaosema mgonjwa hasubiri, na kwamba Yesu aliponya hata siku ya Sabato akiuliza nani angemwacha ng'ombe wake kisimani. Kweli kabisa. Lakini Kutoka sura ya 21 inasema aliyechimba shimo akaliacha wazi, ng'ombe akatumbukia, ndiye atakayemlipa mwenye ng'ombe. Dharura ya usiku mmoja ni ng'ombe. Upungufu wa kila usiku ni shimo, na mwenye shimo anajulikana. Waislamu wa Upare nao husoma mwishoni mwa Al-Baqara kwamba Mungu haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake. Ratiba ya zamu inapata wapi ruhusa ya kuikalifisha? Hoja ya umaskini, kwamba hakuna fedha za kuajiri, ni nzito zaidi, na siipuuzi. Ila nchi hii ina wahitimu wa uuguzi waliokaa nyumbani bila ajira, kwa hiyo kilichopungua ni nafasi zilizotengewa mishahara, na kuzitenga ni uamuzi wa watu. Mchungaji atakayehubiri wito tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi, awahubirie pia wanaopanga ikama.