Kijana Wetu na Shahada ya Fasihi ya Kiingereza

Wazazi kadhaa wametujia kwa suala moja. Husema: "Mwanangu amefuzu mtihani wa kidato cha nne, na bodi ya kugawa nafasi imempeleka chuo kikuu kilioko Kitui, akasome Kiingereza na fasihi apate kuwa mwalimu na mwandishi. Je, nimwachilie?" Na kila tukiwauliza ni lipi khasa linalowatia wasiwasi, twaona kuwa ni mambo mawili yaliyochanganyika. La kwanza ni umbali na ugeni wa huko aendako. La pili, nalo ndilo zito, ni kuwa ilimu yenyewe waiona kuwa ni ilimu ya hadithi za uwongo, na tena uwongo wa Wazungu.

La umbali halitaki maneno mengi. Kabla ya reli yoyote kujengwa, misafara ya Wakamba ilikuwa ikiteremka mpaka Mombasa na pembe zao, na watu wa pwani wakipanda kwenda kwao kwa biashara. Leo gari la moshi litokalo Mombasa husimama Mtito Andei, Kibwezi na Emali, yote hayo ni Makueni. Na kutoka Kibwezi iko barabara ya lami ipitayo Mutomo mpaka Kitui mjini. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilioko Kwa Vonza katika Kitui, kilipewa hati yake ya chuo kikuu kamili mwaka 2013. Mzazi ambaye angeuza kiwanja ili mwanawe aende Toronto, kisha akaiogopa Kitui, huyo haogopi umbali.

Na tukiwa tumeitaja safari ya Kitui, yafaa tumkumbuke mtu mmoja aliyeifanya. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa akikaa Rabai, alikwenda Kitui mwaka 1849 akawa mgeni wa Kivoi, mkubwa wa misafara ya Wakamba. Na kutoka huko, tarehe 3 Desemba, akauona mlima Kenya. Mtu huyo huyo ndiye aliyeipata nakala ya Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo bin Athumani mwaka 1728, akaupeleka Ujerumani, ukawekwa katika maktaba ya wanavyuoni wa mambo ya Mashariki katika mji wa Halle. Kisha akatunga kamusi kubwa ya Kiswahili, iliyopigwa chapa mwaka 1882 naye ameshakufa. Dini yake tunaijua na makusudio yake tunayajua, na hatumsifu kwa hayo. Walakini alifanya jambo ambalo sisi twamkataza kijana wetu kulifanya: alikaa akasoma maneno ya watu wengine, tungo zao na visa vyao, mpaka akayafahamu yale wanayoambiana wenyewe kwa wenyewe. Hiyo ndiyo maana ya kusoma fasihi ya kaumu fulani. Waingereza walitutawala miaka mingi wakiwa wametusoma. Ni ajabu sisi kudhani kuwa kuwasoma wao ni upuzi.

Tena si Waingereza peke yao wanaosomwa. Mnamo Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliokuwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi wakati kilipokuwa bado ni tawi la Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, waliandika waraka wakitaka idara ya Kiingereza iondolewe, na mahali pake iwekwe idara ambayo Afrika itakuwa katikati, na simulizi za mdomo zipewe heshima yake. Jambo lile likazua mjadala mkubwa, na masomo yakabadilika. Basi mzazi anayedhani kuwa mwanawe atakaa miaka minne na Shakespeare peke yake, habari zake ni za zamani.

Sasa tuje kwenye uwongo. Je, hadithi ya kubuni ni uwongo? Twasema: mwongo ni yule anayetaka umsadiki kwa jambo asilolisadiki mwenyewe. Bibi anayewahadithia wajukuu kuwa sungura alimwendea fisi akamwambia hivi na hivi hamdanganyi mtu, kwani yeye anajua na wajukuu wanajua. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga maqama khamsini juu ya Abu Zayd wa Saruj, laghai anayezunguka miji akiwatoa watu fedha kwa ufasaha wa ulimi wake. Mtu huyo ni wa kubuni na vitendo vyake vingi ni viovu. Na pamoja na hayo wanavyuoni karne baada ya karne wameyasomesha maqama yale na kuyafanyia sherehe, kwa ajili ya lugha na kwa ajili ya kuzijua hila za watu. Na wenye kuishika Sura ya Washairi kuwa ni hoja ya kukataza, na waisome mpaka mwisho, wataona kuwa wenye imani na vitendo vyema wametolewa katika lawama ile. Hassan bin Thabit alikuwa mshairi, na Mtume (s.a.w.) alimsikiliza.

Kwa hivyo khofu yetu sisi haiko katika kusoma. Khofu yetu iko katika kuandika, na hili hatujamsikia mzazi hata mmoja akilitaja.

Mwenye kusomeshwa uandishi huambiwa na walimu wake: andika unayoyajua. Naye kijana wa miaka ishirini anajua nini? Anamjua mamake na babake, jirani na mgomvi wake, ami yake aliyekula mali ya mayatima, na mtaa mzima ulionyamaza. Akiyaandika hayo akabadilisha majina, watu wa mtaa watawatambua wahusika kabla hawajafungua ukurasa wa pili. Je, hiyo ni fasihi, au ni kusengenya kuliko chapwa kitabuni? Usengenyi, kama tunavyojua, ni kumtaja mwenzio kwa alilonalo asilopenda litajwe, na kuwa ni kweli hakumwondolei msemaji dhambi. Kalamu ni mbaya zaidi kuliko ulimi hapa, kwani neno la barazani husahauliwa, na kitabu hukaa.

Walakini wanavyuoni hawakuufunga mlango kabisa. Imam Nawawi ameziorodhesha sababu sita zinazohalalisha kuutaja ubaya wa mtu, na miongoni mwazo ni aliyedhulumiwa kushitaki dhulma yake, na kuwatahadharisha watu na shari. Na wapokezi wa hadithi za Mtume walitajwa mmoja mmoja, huyu mwongo, huyu msahaulifu, na jambo hilo likahesabiwa kuwa ni amana. Basi mizani ipo, na kijana yampasa aishike mkononi kabla ya kushika kalamu: anayemtaja anamtaja kwa sababu gani? Kuna aliyedhulumiwa nyuma ya maneno yake, au ni kicheko tu?

Mfano wa jambo hili uko Makueni. David Maillu, mzaliwa wa Kilungu wa mwaka 1939, alianzisha katika miaka ya sabini kampuni yake mwenyewe ya kuchapisha, akatoa vitabu vidogo vya bei nafuu vilivyonunuliwa kwa wingi sana mjini Nairobi. My Dear Bottle, cha 1973, ni maneno ya mlevi; After 4.30, cha mwaka uliofuata, ni habari za wanawake wa maafisini na mabwana wanaowataka baada ya saa za kazi. Serikali ya Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vyake mwaka 1976, na walimu wengi wa fasihi walivikejeli. Sisi hatuwezi kumpa kijana wa madrasa vitabu hivyo, kwani mna maneno ambayo mtu mwenye haya hayasomi mbele ya mamake. Lakini yule mpiga taipu anayelazimishwa achague baina ya mwili wake na mshahara wake ni mdhulumiwa, na malalamiko yake ni ya haki hata yakiandikwa na kalamu chafu. Mwanafunzi aliyekomaa, akiwa na mwalimu mwenye akili, anaweza kuyapambanua mambo hayo mawili: hapa ni shitaka la mdhulumiwa, hapa mwandishi anafurahia uchafu wenyewe. Upambanuzi huo ndio ilimu anayokwenda kuitafuta, na hatujui darasa jingine lenye kuufundisha kwa vitabu vya watu wa zama zetu.

Mfano wa pili ni wa Kitui, na unapendeza zaidi. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango mwaka 1931, akasoma Makerere na kisha Cambridge, alikuwa padri, na katika mambo ya itikadi njia yetu na yake ni mbali mbali. Lakini mwaka 1954 alitoa hadithi kwa Kikamba, Mutunga na Ngewa Yake, na mwaka 1966 akatoa kwa Kiingereza mkusanyo wa ngano za Wakamba uitwao Akamba Stories. Masomo makubwa hayakumfanya azionee haya hadithi za kwao. Kijana wetu akienda kukusanya simulizi katika vijiji vya Kitui, sisi twamwongezea sharti moja ambalo wazee wetu wamelijua tangu zamani: aandike nani kamhadithia, naye alisikia kwa nani, na wapi. Isnadi haikuwekwa kwa ajili ya hadithi za Mtume peke yake. Ni haki ya kila mwenye neno lake.

Iko na hoja ya chakula. Wazazi husema kuwa wenye shahada hizi wamejaa mitaani hawana kazi, na ni kweli kuwa wengi waliosomea ualimu hungoja miaka mingi kabla ya kuajiriwa na serikali. Mwenye kutaka utajiri na aende kwingine. Asiyekuwa na mapenzi ya kusoma pia na asiende, kwani miaka minne ya vitabu ni mirefu kwa mtu asiyevipenda.

Ama anayevipenda, kazi yamngojea hapa hapa pwani. Mashairi ya Muyaka bin Haji yalikusanywa na Mwingereza, W. E. Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa. Na Diwani ya Muyaka ilipochapishwa mwaka 1940, mhariri wake alikuwa Mwingereza mwingine, William Hichens, na ilichapishwa Johannesburg. Mwalimu Sikujua aliyajua mashairi yale kuliko wao wote wawili. Na katika masanduku ya majumba ya Lamu na Siu na Mombasa bado zimo karatasi za tenzi kwa khati ya Kiarabu, nyingine mchwa wameshazianza. Na wenye kuweza kuisoma khati ile ni wazee, nao hawaandiki Kiingereza, na wenye kuandika Kiingereza hawaisomi khati.