Kusafiri kwa Ajili ya Kutazama Maji



Yako masuala ambayo mtu huyaona madogo, hata akaona haya kuyauliza mbele ya watu wazima, kumbe ndani yake mna jambo zito. Suala letu la leo ni la namna hiyo. Je, yafaa mtu akusanye akiba yake, apande basi kutoka Tanga, asafiri zaidi ya kilomita 1,000 mpaka nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa, ili akatazame maji yanayoanguka?

Suala hili limezuka nyumbani kwetu. Shangazi yangu, mtu mzima wa Tanga, aliyaona maporomoko ya Kalambo katika televisheni, na tangu usiku ule hatuna raha. "Nipelekeni nikaione kudura ya Mungu kabla sijafa," asema. Wanawe wamegawanyika. Mmoja asema huo ni israfu mtupu, maji hata Pangani yapo. Wa pili asema Qur'ani imetuhimiza zaidi ya mara moja tutembee katika ardhi tuzingatie, wala si kukaa barazani tukazingatia kahawa. Mwisho wakaniletea mimi niwe kadhi.

Basi tuyatazame kwanza maji yenyewe. Kalambo ni mto wa mpakani, baina ya Tanzania na Zambia, nao humwaga katika Ziwa Tanganyika. Kabla ya kufika ziwani huanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200. Maporomoko ya Victoria, ambayo dunia nzima huyasifu, urefu wake ni kama mita 108 tu. Lakini ya Kalambo si mapana, na kiangazi kikikaza maji hupungua sana, hata aliyetoka mbali akajiona kaitiwa karamu, akapewa maji ya kunawa. Wakati wake mzuri ni mwishoni mwa mvua, na wakati huo ndipo njia za vijijini baada ya Matai huwa na tope. Siku hizi upande wa Tanzania zimejengwa ngazi za kuteremkia. Kushuka hakuna taabu. Magoti ya Shangazi yatasema wakati wa kupanda.

Tena mahali pale pana jambo jingine la kuzingatia, lisiloonekana kwa macho. Juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia, mwanachuoni Desmond Clark aligundua mwaka 1953 mahali walipoishi watu wa kale. Na mwaka 2023 wataalamu walitangaza kuwa magogo mawili yaliyofukuliwa pale, moja limechongwa likapachikwa juu ya jingine, yana umri wa miaka 476,000 kwa uchache. Maji na udongo viliyahifadhi. Mtu akisimama pale akafikiri ni mikono mingapi imekwisha kuchota katika mto ule, hawezi kurudi na kiburi alichokwenda nacho.

Kwa hiyo kama suala ni maji, jawabu ni jepesi. Matembezi ni halali madhali hukukopa, hukuacha wajibu wala hukuwanyima unaowalisha. Nami ningelimaliza hapo.

Lakini, ndugu msomaji, kuna jambo sijakueleza. Shangazi ana binti Sumbawanga.

Ameolewa huko mwaka wa kumi na moja sasa, na kijana wa Kifipa, Muislamu, mwalimu, mtu wa adabu zake. Ana watoto watatu. Katika miaka yote hiyo mama yake hajakanyaga mlangoni pake. Nauli ilikuwa haba, mguu ulikuwa ukiuma, basi lilikuwa la usiku. Na sababu ya kweli, inayosemwa jikoni kwa sauti ya chini, ni kwamba mume ni mtu wa bara, na mji wenyewe, jina lake likitajwa tu, watu wetu husoma Ayatul Kursiy. Wamesikia "wanga" ndani yake, basi wamemaliza. Laiti wangeliuliza! Kwa Kifipa jina hilo maana yake ni kutupa uchawi. Mgeni aambiwa auweke chini kabla ya kuingia mjini. Nasi tunaosema hivi twajua vizuri wenzetu wa bara wasemavyo kuhusu Pemba, na Tanga pia.

Leo nauli imepatikana, mguu umepona, na basi la usiku halina neno. Kwa ajili ya maji.

Tumefundishwa tangu chuoni kwamba safari ya mtu ni kwa lile alilolikusudia. Wawili hupanda basi moja, wakakaa kiti kimoja, kila mmoja akaenda kwake. Na mimi niliyepewa ukadhi, je? Binti huyo nimecheza naye utotoni. Sijafika kwake hata siku moja.

Sisi wa pwani twajua uchungu wa kutazamwa. Mgeni huja Lamu au Unguja, akapiga picha mlango wa nakshi, asimwamkie bibi aliyeketi kizingitini. Twamlaumu, na haki yetu. Basi tukifika Ufipa tukapita mashamba yao ya vilima vya duara, ambamo majani hufukiwa yaoze yawe mbolea, tukapita nchi ya watu ambao babu zao waliyeyusha chuma kwa matanuri marefu kuliko mtu, tusimwamkie mtu mpaka ukingoni mwa maporomoko, tutakuwa nani sisi?

Binti alipopigiwa simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mnakuja kuniona mimi, au maji?"

Sikuwa na la kumjibu.

Hukumu yangu ilikuwa hii. Waende. Sikutaka kungoja mpaka nia ya Shangazi itakate ndipo apande basi, kwani nani kati yetu husafiri na nia isiyo na mchanganyiko? Lakini wafikie kwa binti kwanza, wakae siku tano, wawaamkie wakwe kwao, wale migebuka watakayopikiwa bila kukunja uso. Siku ya sita mkwe awapeleke Kalambo, kama mwenyeji anavyowapeleka wageni wake. Nami nitafuatana nao.

Shangazi alinisikiliza, asiseme ndiyo wala siyo. Jioni akamtuma mjukuu aje kuniuliza baridi ya Sumbawanga ikoje, na wakwe wale hupendelea kanga za rangi gani. Nikampigia simu binti. Akacheka, kisha sauti ikamkwama. "Mwambie Mama blanketi nitamtafutia mimi," akasema. "Yeye aje na nazi."