Tuzo Iliyonunua Ukimya

Kwa miaka 23 mfululizo, hadi 2011, kampuni ya reli ya Norfolk Southern ya Marekani ilitwaa medali ya dhahabu ya usalama kazini. Tuzo yenyewe haikuwa ya juzi. Ilianzishwa mwaka 1913 na Mary Harriman kwa kumkumbuka mumewe, Edward H. Harriman, tajiri wa reli, enzi ambazo mfanyakazi wa treni kukatwa mguu au kufa kazini hakukumshangaza mtu. Nia ya mama huyo ilikuwa njema, na hakuna haja ya kumlaumu marehemu.

Tatizo lilikuwa kwenye hesabu. Kampuni zilipangwa kwa madaraja, kubwa zikashindana na kubwa, na zile zinazopanga mabehewa yadini na kuhudumia vituo vya mizigo nazo zikapewa daraja lao. Kisha ikatazamwa idadi ya walioumia kwa kila saa 200,000 za kazi, ambazo ni takriban kazi ya watu 100 kwa mwaka mzima. Mwenye majeruhi wachache ndiye bingwa.

Sasa, majeruhi hupungua kwenye karatasi kwa njia mbili. Unaweza kuondoa hatari: ukafukia shimo wanakopita wafanyakazi kando ya reli, ukakaza ngazi ya behewa iliyolegea, ukaweka taa palipo giza. Hiyo ni fedha, na inachukua muda. Au unaweza kuhakikisha kwamba aliyeumia hasemi. Hiyo haigharimu hata senti moja, na msimamizi hodari huimaliza kabla ya saa ya chakula.

Mwezi Oktoba 2007 kamati ya uchukuzi ya Bunge la Marekani ilikaa kusikiliza jinsi kampuni za reli zinavyowatendea wafanyakazi walioumia. Yaliyosikika hayakuwa mageni kwa watu wa yadini: anayeripoti hugeuziwa kibao na kushtakiwa kwamba amevunja kanuni za kazi, msimamizi humfuata majeruhi hadi kwa daktari, maana tiba ikivuka huduma ya kwanza, tukio linaingia kwenye takwimu. Mwaka huohuo sheria iliongezwa meno ili mfanyakazi anayelipiziwa kisasi apeleke malalamiko Wizara ya Kazi. Mwaka 2012 wizara hiyo iliiamuru Norfolk Southern ilipe zaidi ya dola 800,000 kwa wafanyakazi watatu iliowafukuza baada ya kuripoti kwamba wameumia. Ni kampuni ileile ya medali 23. Mwaka huohuo tuzo ya Harriman ikafutwa.

Ubaya wa zawadi za namna hii ni kwamba hazihitaji bosi katili. Tuseme kundi la watu kumi limeahidiwa mbuzi wa kuchoma na jezi mpya mwisho wa robo mwaka iwapo hakuna atakayeumia. Siku ya 80 mmoja anateguka kifundo cha mguu akishuka kwenye ngazi ileile iliyolegea. Nani atamkataza kusema? Si meneja; yeye yuko ofisini kwake. Ni wenzake. Watamtazama tu. Kesho yake atakuja kazini akichechemea, atasema aliumia mpirani, na mbuzi ataliwa. Ngazi itabaki ilivyo hadi imwangushe mwingine, na huyo huenda asiangukie kifundo.

Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, treni ya mizigo ya Norfolk Southern ilianguka East Palestine, mji mdogo wa Ohio. Mabehewa 38 yalitoka relini, 11 yakiwa na kemikali hatari. Siku tatu baadaye matangi matano ya kloridi ya vinili yalichomwa makusudi, na picha za moshi mweusi zikaonekana dunia nzima. Chanzo kilikuwa beringi ya gurudumu iliyopata moto. Vifaa vya kupima joto kando ya njia viliipima mara tatu: kwanza nyuzi 38 za Farenhaiti juu ya joto la hewa, kisha 103, kisha 253. Kipimo cha tatu ndicho kilichomfanya dereva aambiwe asimame, na kilikuwa kimechelewa. Mwaka 2024 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 600 kumaliza kesi ya pamoja ya wakazi na wafanyabiashara.

Tusichanganye mambo: beringi haikuungua kwa sababu ya medali. Lakini wakaguzi wa serikali walipoichunguza kampuni hiyo baada ya ajali, walikuta wafanyakazi na wasimamizi hawaaminiani. Hilo halitokei kwa usiku mmoja. Na kampuni yenyewe iliona. Januari 2024 ikawa ya kwanza miongoni mwa kampuni kubwa za reli za mizigo kukubali kuujaribu mfumo wa kuripoti kwa siri matukio ya nusura ajali, kwa wafanyakazi wapatao 1,000. Katika mfumo huo mfanyakazi huandika kilichotaka kutokea, taarifa huenda NASA, majina huondolewa, na kwa makosa mengi aliyeandika haadhibiwi. Marubani wa Marekani wamekuwa na utaratibu wa aina hii tangu 1976. Reli ilikuwa na muda wa kutosha wa kuwaiga.

Kumbe kitu cha kulipia ni jicho lililoiona ngazi kabla haijamwangusha mtu. Hata hapo kuna mtego. Ukilipa kwa idadi ya fomu, utapata fomu: hamsini za balbu iliyoungua, na hakuna hata moja ya breki. Ukilipa kwa jambo kubwa peke yake, madogo yatanyamaziwa mpaka yakue. Zawadi iwe ndogo, itolewe haraka, na iambatane na matengenezo. Mtu aliyesema Jumatatu kwamba ngazi imelegea akiikuta Ijumaa imekazwa, atasema tena. Akipewa fulana na ngazi ikabaki ilivyo, atavaa fulana na kufunga mdomo.

Kwetu hili lina uzito wa pekee. Treni mpya zinakimbia kutoka Mombasa na Dar es Salaam, na makontena yanarundikana bandarini. Mtu aliye karibu zaidi na hatari mara nyingi si mwajiriwa bali kibarua wa siku, ambaye tuzo za Mei Mosi hazimhusu na akilalamika leo kesho haitwi. Hata yeye apewe njia ya kusema bila kupoteza kibarua chake, la sivyo mpango wowote wa zawadi utakuwa wa watu wa ofisini.

Wakubwa wa yadi na gati, kama ubao wa getini kwenu unahesabu siku zilizopita bila ajali, ongezeni mstari mmoja chini yake: hatari zilizotajwa wiki hii, na zilizorekebishwa. Mstari huo ukisoma sifuri, msichinje mbuzi. Shukeni yadini mkaulize.