Mtindo wa Kale, Mwimbaji Mpya: Swali la Uaminifu katika Muziki na Ushairi wa Mvita

Mwaka 2008 bendi ya vijana wa Uswidi iitwayo Enforcer ilitoa albamu yake ya kwanza, Into the Night. Msikilizaji aliyeuzoea muziki wa hevi metali wa Uingereza wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 asingeona ajabu kuambiwa kwamba ilirekodiwa zama hizo: magitaa yanayokimbizana, sauti ya mwimbaji inayopaa, ngoma zisizopumzika. Si kwamba vijana hao walishindwa kuwa wapya. Walikusudia kuwa wa kale. Kazi za namna hii zimekuwa nyingi tangu wakati huo, nazo huzusha swali ambalo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wanalifahamu kwa sura nyingine: je, ni uaminifu kwa msanii kuanza kusema kwa sauti ambayo ilikwisha kusemwa na wengine, kwa sababu zisizokuwa zake?

Hoja ya wanaolaumu haistahili kupuuzwa. Tony Iommi wa bendi ya Black Sabbath, ambayo albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1970, alikuwa kijana wa miaka 17 katika kiwanda cha mabati mjini Birmingham mashine ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Naye hupiga gitaa kwa shoto, kwa hiyo huo ndio mkono wa kubania nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza. Sauti nzito ambayo leo ni alama ya muziki huo ilitokana kwa sehemu na jeraha. Kijana wa leo alegezaye nyuzi ilhali vidole vyake ni vizima amejifunga kitambaa cha jeraha la mwenziwe. Ndivyo asemavyo mlaumu, na kwa juu juu ana haki.

Lakini hoja hiyo inadhani kwamba mtindo na sababu yake haviachani, na historia inakataa. Iommi mwenyewe alikuwa amekata tamaa mpaka msimamizi wake wa kazi alipomsikilizisha sahani ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyeungua mkono katika moto wa mwaka 1928 na akaendelea kupiga kwa vidole viwili. Hata jeraha, basi, lilikuwa na mzee wa kulitangulia. Tena, baada ya sahani ya kwanza, je, Iommi aliendelea kuilegeza sauti kwa sababu ya maumivu tu, au kwa sababu aliipenda? Mtindo huiacha sababu yake mara tu unapotumiwa kwa hiari, na wa kwanza kuutumia kwa hiari huenda akawa mwenyewe aliyeuzua.

Kisiwani Mombasa suala hili lina historia ndefu, na halihitaji gitaa la umeme. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijenga jina lake kwa kuimba mashairi ya Kimvita katika mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi. Mengi ya mashairi hayo yalitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir, mwenye Malenga wa Mvita (1971). Zein l'Abdin, mpiga udi aliyefariki mwaka 2016, alikwenda njia nyingine: aliyatafuta mahadhi na tungo za kale za pwani, akishirikiana na Ahmed Sheikh Nabhany. Katika vibaraza vya Mji wa Kale wawili hawa wamezoea kupambanishwa, mmoja akiitwa mwigaji na mwingine mhifadhi.

Utetezi wa kawaida kwa Bhalo ni kwamba mahadhi ni ya Kihindi lakini maneno ni ya Mvita. Utetezi huu ni dhaifu kuliko unavyoonekana, kwa kuwa unamkubalia mlaumu nusu ya shitaka. Yafaa kumtetea kwa njia nyingine. Hadhira ya Bhalo ilikwenda sinema. Wengi wa wasikilizaji wake waliyajua mahadhi kabla ya kumsikia yeye, wakaujua na uso wa mwigizaji aliyeyatamka, na bustani alimokimbilia. Wimbo wa Bhalo ulipowafikia walisikia nyimbo mbili kwa wakati mmoja, ule wa Bombay na huu wa Kuze, na utamu ulikuwa katika nafasi iliyo baina yake. Huyo hakumdanganya mtu. Udanganyifu unahitaji asiyejua, na hapa kila mtu alijua. Linalobaki ni deni, nalo ni jambo tofauti: ikiwa mtunzi wa mahadhi hakutajwa wala hakulipwa, amedhulumiwa haki yake, wala uzuri wa shairi hauifuti dhuluma hiyo. Lakini asiyelipa deni si lazima awe mwongo, na uhakiki unaochanganya makosa haya mawili hauwezi kulihukumu lolote kati yake.

Upande wa Zein nao si mwepesi. Albamu yake ya mwaka 1990 iliitwa Mtindo wa Mombasa, naye ni mtu wa Lamu, na chombo chake ni udi uliotoka Uarabuni. Kwa kipimo cha mlaumu hata jina la albamu ni la kuazima! Hakuna aliyelalamika, wala hapakuwa na haja. Bali ni dhahiri kwamba tofauti kati ya “mwigaji” na “mhifadhi” ilikuwa tofauti ya umri wa mkopo.

Ushairi unatoa kielelezo kigumu zaidi. Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946, alifungwa kwa sababu ya waraka wa Kenya: Twendapi? wa mwaka 1968. Mashairi aliyoyatunga gerezani, mengine akiyaandika kwenye karatasi za chooni, yalichapishwa mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki, diwani yake ya kwanza. Mwaka uliofuata ikapewa tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Fani ni ya jadi: vina, mizani, Kimvita ambacho Muyaka bin Haji angekielewa. Mwaka 1974 Kezilahabi alitoa Kichomi, na mgogoro wa wanajadi na wanausasa ukapamba moto. Wengine wakaviita vina na mizani pingu. Neno hilo lina uzito wa pekee likisemwa juu ya mfungwa. Mtu aliyenyimwa karatasi ana haja ya shairi linaloweza kukaa kichwani, na kina ndicho kinachomwambia aliyelisahau neno kwamba amelisahau. Hapa fani kongwe ilipata sababu mpya ambayo Muyaka hakuwa nayo.

Kwa hiyo si kweli kwamba fani ikishaachana na sababu yake ya kwanza hubaki ganda tupu. Yaweza kupata nyingine, na hakuna ajuaye mapema ni ipi. Haifuati, hata hivyo, kwamba kila anayeanza kwa mtindo wa kale ni Abdilatif. Vijana wa Enforcer hawakufungwa, walicheza. Kuwadai dhiki ili wahesabiwe waaminifu ni kuifanya dhiki kuwa cheti, na dai hilo lina ukatili ambao wahakiki hawauoni wepesi. Mchezo ni sababu halali. Wanalodaiwa ni kuukiri mchezo, na mtu anayecheza kama wazee wake mbele ya watu wanaowajua wazee hao amekwisha kukiri.

Ugumu unakuja pale hadhira inaposahau. Katika harusi za Mji wa Kale nyimbo za Bhalo zingali zikiimbwa, na miongoni mwa wanaozitikisia vichwa wamo vijana ambao hawajaiona filamu hata moja ya zile zilizotoa mahadhi. Kwao hakuna nyimbo mbili. Upo mmoja, na ni wa Bhalo. Kijana anayeanza uimbaji leo kwa nyimbo hizo hamdanganyi mtu kwa kusudi, lakini ile nafasi baina ya Bombay na Kuze, ambayo ilimtoa Bhalo hatiani, kwake imezibika. Anadaiwa na Bhalo, na mshairi aliyempa Bhalo maneno, na mtunzi wa Bombay ambaye huenda hajapata kulisikia jina lake, na katika hao watatu ni wa kwanza tu ambaye ukumbi utamtaka amtaje.