Haki ya Aliye Ubavuni Mwako

Ndugu msomaji, mtu hujulikana vipi kuwa ana adabu? Wengi watajibu: kwa namna anavyowaamkia wazee wake, anavyokaa na jirani zake na anavyosema na wakubwa. Jawabu hilo si la makosa, lakini lina upungufu. Hao wote wanalijua jina lake na nyumba yake. Akiwakosea leo, kesho ataonana nao. Huenda basi kinachomzuia ni kuchelea aibu tu, wala si adabu. Mizani iliyo sawa ni pale anapokuwa na watu wasiomjua, ambao hatazamii kuonana nao tena. Nasi watu wa Nyamasaria mizani hiyo twaipanda kila siku, nayo ni matatu.

Jina hilo latokana na nauli ya zamani, senti 30, yaani vipande vitatu vya senti 10. Nauli imekwisha badilika mara nyingi, lakini hali ni ile ile: watu wasiojuana hukutanishwa bega kwa bega, kutoka hapa petu hadi mjini Kisumu, au kuelekea Ahero. Katika Sura ya An-Nisaa, baada ya kutajwa jirani wa karibu na jirani wa mbali, ametajwa pia mwenzi aliye ubavuni. Na wako wafasiri waliosema kuwa makusudio yake ni mwenzi wa safari. Basi aliyekaa nawe robo saa ana haki juu yako, japokuwa hujui aitwaje.

Haki hiyo ni ipi? Yapasa tupambanue mambo ambayo watu huyachanganya. Kumpunguzia mwenzio alicholipia ni dhulma: kupanua magoti mpaka yeye akakaa upande, kuweka kapu la samaki wabichi likamchuruzikia nguoni, kupaza simu yako hata asisikie anapoulizwa anashukia wapi. Ama kumwachia mzee kiti cha karibu na mlango ili asijipenyeze hadi nyuma, au kumpakatia mama mwenye mizigo mtoto wake, hiyo ni hisani. Dhulma yakatazwa, hisani yaombwa kwa upole, wala haidaiwi kwa ukali. Anayemkaripia kijana kwa kuwa hakuinuka hajui kama kijana huyo ni mgonjwa.

Sasa tuje kwenye jambo zito. Kanuni zilizoanza kutumika Februari 2004, wakati John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, ziliamuru matatu ndogo zichukue abiria 14, kila mmoja afunge mkanda, na mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Hata hivyo makanga huita, "Songeni, nafasi ya mmoja ipo!" na yule mmoja hupanda. Akiulizwa husema: kosa ni la makanga, mimi nataka kufika tu. Hoja hii haisimami. Makanga hajazi gari kwa upepo. Hulijaza kwa sisi. Abiria wa 15 hana kiti wala mkanda, na mahali anapokaa pamenyang'anywa watu ambao hawakuulizwa ridhaa yao. Mgonjwa anayekimbizwa hospitali ana dharura; lakini haraka si dharura.

Na sisi tuliokwisha kukaa? Twanyamaza, tukasema hayatuhusu. Novemba 2014 wanawake waliandamana jijini Nairobi kwa ajili ya mwenzao aliyevuliwa nguo hadharani kwenye kituo cha matatu. Waliomvua walikuwa na hatia iliyo wazi. Lakini msiba kama huo hautimii ila penye watazamaji. Ulimi unaozoea kunyamaza bibi kizee anaponyimwa chenji yake hautajifunza kusema siku ya jambo kubwa. Huenda mtu akasema: nikisema nitatukanwa. Ni kweli, msemaji mmoja hutukanwa. Lakini watano wakisema pamoja, kwa utulivu na bila matusi, makanga hufunga mlango na bibi hupewa haki yake. Na hao watano hawapatikani ila awepo wa kwanza.

Yaliyobaki ni mepesi, nayo yote yatokana na asili hiyo moja. Waache wanaoshuka washuke kabla hujapanda. Tayarisha nauli ndogo ndogo tangu nyumbani. Taja kituo chako mapema, dereva asilazimike kusimama ghafula katikati ya barabara. Mjibu makanga kwa jina la heshima, kwani naye yu kazini, na ukali wake mara nyingi ni wa mtu anayedaiwa hesabu jioni.

Basi kila mmoja wetu aazimie kesho kuwa yule wa kwanza. Mgeni aliye garini hana jamaa wala jirani wa kumtetea. Ana wewe uliyekaa ubavuni mwake.

Wabillahi tawfiki.