Mkuki wa Sauli

Wanaonadi tiba ya sauti hupenda kuanzia kwa Daudi. Mfalme Sauli anasumbuliwa na roho mbaya, watumishi wanamtafutia kijana ajuaye kupiga kinubi, kijana anapiga, mfalme anatulia. Kisa hicho kimo katika sura ya 16 ya Kitabu cha Kwanza cha Samweli, na kwa mwenye bidhaa ya kuuza ni ushahidi mtamu kweli. Ila wengi wao hufunga Biblia hapo. Sura mbili mbele, Daudi yuleyule anampigia mfalme yuleyule, na safari hii Sauli ana mkuki mkononi, anautupa akitaka kumbana mpigaji na ukuta. Katika sura ya 19 anarudia, Daudi anaponyoka, na mkuki unabaki umechoma ukuta. Hatuambiwi kwamba kinubi kilikuwa kimelegea nyuzi. Kilichoingia katikati ni wivu, na la kushangaza ni kwamba wivu huo uliletwa na wimbo: wanawake wa Israeli walitoka na matari wakamsifu Daudi kuliko mfalme, na mfalme akasikia.

Dawa ya malaria haimwulizi mgonjwa anampenda nani wala anamchukia nani. Wimbo unauliza. Ninachokitetea hapa ni kwamba uimbaji wa kwaya unaufaa ubongo kweli, lakini unaufaa kwa kumpitia mtu mwenyewe, pamoja na anachokipenda, anachokikumbuka na anayemwimbia. Kwaya iliyotungwa iwe dawa tu, isiwe wimbo wa jambo lolote, inajinyima kile hasa kinachoifanya itibu. Hili ni swali la falsafa kabla halijawa la hospitali, kwa sababu ndani yake mna swali la zamani zaidi: je, ni sawa kumwimbia Mungu kwa sababu kuimba kunashusha presha?

Tuondoe kwanza makapi. Siku hizi kuna muziki wa kwaya unaouzwa kwa ahadi za kumbukumbu, usingizi na afya ya ubongo: sauti ndefu zisizo na maneno, zimepangwa kwa hezi 432 au 528, zisikilizwe kwa spika za masikioni kama mtu anavyokunywa dozi. Hezi 440 zinazolaumiwa na wauzaji hao ni mapatano tu ya mafundi, yaliyofikiwa London mwaka 1939 ili vyombo vya muziki vilingane. Hayana siri kubwa kuliko mapatano ya kuendesha gari upande wa kushoto. Isitoshe, mwalimu yeyote wa kwaya anajua kwamba waimbaji wasio na kinanda hushuka kidogo kidogo kadiri beti zinavyosonga. Kama uponyaji ungekuwa ndani ya hezi 528, ungekuwa umekwisha toroka ifikapo ubeti wa tatu. Ni kweli kwamba watafiti wa chuo cha MIT huko Marekani walionyesha mwaka 2016 kwamba mwanga unaomweka mara 40 kwa sekunde hupunguza amiloidi, protini inayohusishwa na Alzheimer, na mwaka 2019 wakaonyesha jambo la namna hiyo kwa sauti. Lakini hao walikuwa panya, na walichosikilizishwa hakikuwa zaburi.

Somo la kufaa zaidi linatoka kwenye kishindo cha Mozart. Mwaka 1993 jarida la Nature lilichapisha jaribio la wanafunzi 36 wa chuo kikuu: waliosikiliza sonata ya Mozart kwa dakika 10 walifanya vizuri zaidi katika maswali ya maumbo na nafasi, na faida hiyo ilikwisha baada ya robo saa hivi. Habari zilipofika mitaani ikawa Mozart anaongeza akili za watoto. Mwaka 1998 Zell Miller, gavana wa jimbo la Georgia, aliomba bajeti ya dola 105,000 ili kila mtoto azaliwaye jimboni apewe muziki wa namna hiyo. Mwaka uliofuata watafiti wawili wa Kanada walifanya jambo la akili: mahali pa ukimya waliweka hadithi ya Stephen King. Waliopenda hadithi kuliko muziki walifanya vizuri baada ya hadithi, waliompenda Mozart baada ya Mozart. Siri haikuwa katika noti. Mtu akipata anachokipenda, akili yake huamka. Ndiyo maana sishangai kwamba utafiti mmoja wenye uzito katika uwanja huu, uliofanywa Helsinki kwa wagonjwa 60 wa kiharusi na kuchapishwa mwaka 2008, uliwaachia wagonjwa wajichagulie muziki. Waliosikiliza kila siku walirudisha kumbukumbu ya maneno na umakini kuliko waliosikiliza vitabu vilivyosomwa kwa sauti, na kuliko wale waliopata matibabu ya kawaida tu. Watafiti hawakupima nguvu ya kuchagua peke yake, lakini hawakuthubutu kuiondoa.

Pingamizi kali kuliko yote linatoka kwenye pumzi, na halifai kupitwa haraka. Mwaka 2001 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha vipimo vya watu 23 waliosali rozari kwa Kilatini na kukariri mantra ya Kibudha. Sala mbili, dini mbili, matokeo yaleyale: pumzi ilishuka hadi kama mara sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaingia katika mwendo uliopangika zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa Gothenburg, Uswidi, waliwafunga vipimo vijana wa miaka 18 wakivuma kwa midomo iliyofumbwa, wakiimba tenzi, kisha mantra ya polepole. Mioyo yao iliharakisha na kupunguza mwendo pamoja, kwa kufuata mistari ya wimbo. Maelezo yake hayana muujiza: mstari wa wimbo hupanga lini mtu avute pumzi na lini aitoe, kutoa pumzi taratibu huamsha neva ya vagasi, na vagasi hutuliza moyo. Basi mpingaji atasema: mwili haujali umeimba kwa ajili ya nani. Ave Maria na mantra ni mashine moja ya kupumulia yenye rangi mbili, na mtunzi mwerevu anaweza kuijenga mashine hiyo bila Mungu, bila mapenzi, bila hata maneno.

Nakubali nusu yake, na si nusu ndogo. Mashine ipo. Lakini tazama ni ya nani. Pumzi inayotuliza ni ya aimbaye. Aliyelala na spika masikioni hajaitoa, hivyo muziki uleule unaouzwa kwa jina la ushahidi huu ndio ulio mbali nao. La pili ni muda. Pumzi ya dakika tano hufanya kazi ya dakika tano. Yule bibi anayeshika rozari jioni, kidole kikisogea kutoka punje hadi punje huku sufuria ya maharage ikichemka, amefanya hivyo miaka 60, na hakuna aliyemwambia ahesabu pumzi zake. Angeambiwa afanye zoezi la kupumua mara sita kwa dakika kwa faida ya moyo, angeliacha wiki ya pili, kama tunavyoacha mazoezi yote tunayoandikiwa. Anayemwombea mwanawe aliye safarini haachi. Mashine inaendeshwa na kitu ambacho si mashine, na ukikiondoa kwa kusema hakihitajiki, baada ya mwezi hakuna wa kuizungusha.

Jambo hili linaonekana wazi zaidi kwa wenye dimenshia, huko ambako ahadi za afya ya ubongo zinatolewa kwa sauti kubwa kuliko kote. Mwaka 2015 watafiti wa Leipzig walionyesha kwamba sehemu za ubongo zinazohifadhi muziki wa zamani ni miongoni mwa zile ambazo Alzheimer huchelewa kuziharibu. Ndiyo maana mzee asiyemtambua mwanawe anaweza kuimba tenzi mpaka ubeti wa nne, akashika sauti yake ya tatu bila kuyumba, tena akamkunjia uso jirani aliyekosea. Wengi huiona picha hiyo kama ushindi wa muziki dhidi ya imani: mtu hajui tena yuko wapi, ila ubongo unaimba. Mimi naiona kinyume. Wimbo ule uko salama kwa sababu uliingia miaka 50 iliyopita, Alhamisi moja baada ya nyingine, mwalimu akiandika sol-fa ubaoni kwa chaki, besi wakirudishwa nyuma mara ya saba, na hakuna hata mmoja chumbani aliyekuwa akijiwekea akiba ya uzeeni. Akina bibi wa Unguja watazinduliwa na taarabu ya ujana wao kwa njia hiyohiyo. Kwaya mpya iliyotungwa na wataalamu kwa ajili ya ubongo wake, hata ikiwa nzuri namna gani, kwa mzee huyu ni mgeni aliyebisha hodi usiku sana.

Tusikuze mambo, hata hivyo. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 yaliona kwamba tiba ya muziki kwa wenye dimenshia huenda inapunguza huzuni na matatizo ya tabia, lakini kwa upande wa akili yenyewe, yaani kufikiri na kukumbuka, haibadilishi sana. Anayeahidi kurudisha kumbukumbu anaahidi asichokuwa nacho. Kisha kuna matokeo ya Australia ya mwaka 2022, ambayo nadhani hayajatafakariwa vya kutosha. Wakazi 318 wa nyumba za wazee, wenye dimenshia na sonona, waligawanywa: wengine walipata tiba ya muziki katika vikundi, wengine kwaya ya kujifurahisha tu, wengine vyote, wengine huduma ya kawaida. Iliyopunguza sonona baada ya miezi sita ni kwaya. Tiba yenyewe haikuonyesha faida. Jaribio moja halifungi mjadala, na sitaki kuwadharau wataalamu wa tiba ya muziki, ambao kwa mgonjwa mmoja mmoja, kwa mfano aliyepoteza usemi baada ya kiharusi akafundishwa kusema kwa kupitia kuimba, wanafanya kazi ambayo hakuna kwaya iwezayo. Lakini ni vigumu kutoona kwamba waliokuja kuimba walipata kile ambacho waliokuja kutibiwa hawakukipata.

Aliyelielewa hili mapema ni Hildegard wa Bingen, mtawa wa Ujerumani wa karne ya 12, na ni kejeli ya historia kwamba nyimbo zake sasa zinauzwa kama muziki wa uponyaji. Ni yeye hasa ambaye angeweza kudai kwamba wimbo ni dawa, maana aliandika juu ya mitishamba na magonjwa, na alitunga nyimbo zaidi ya 70. Mwaka 1178 wakuu wa Kanisa wa Mainz waliipiga nyumba yake marufuku ya kuimba, kwa sababu masista walikataa kumfukua marehemu aliyezikwa hapo na ambaye wakuu wale walimhesabu kuwa alikuwa ametengwa na Kanisa. Masista wakabaki kusoma sala kwa sauti ya chini. Hildegard, aliyekuwa na miaka 80, akawaandikia barua. Angeweza kuandika kama tabibu: masista wangu watadhoofika. Badala yake aliandika juu ya Adamu, ambaye kabla ya dhambi sauti yake ililingana na ya malaika, na juu ya shetani anayekerwa na binadamu anayekumbuka kuimba hivyo. Marufuku iliondolewa mwaka 1179, mwaka aliofariki. Mjuzi wa dawa, alipotakiwa kueleza wimbo ni wa nini, hakutaja dawa.

Wapo waumini watakaonung'unika kwamba hata mazungumzo haya ni kosa, kwamba kumpima mwimbaji moyo ni kuiweka ibada kwenye mizani ya sokoni. Sikubaliani nao. Mwenyezi Mungu akitia faida ndani ya kumsifu, kuiona faida hiyo si dhambi; dhambi, kama ipo, ni kuibadilisha iwe lengo. Augustino alijilaumu katika Maungamo kwa nyakati ambazo sauti ilimgusa kuliko kilichoimbwa, na bado hakutaka nyimbo zikomeshwe kanisani. Ghazali, katika kitabu chake juu ya kusikiliza, yaani samaa, anarithisha wazo lililo karibu mno na kisa cha Sauli: sauti nzuri haiweki moyoni kisichokuwamo, inatikisa kilichomo. Kwa mashehe waliobishana juu ya dufu na dhikri katika pwani yetu, wazo hilo lilikuwa la hukumu: mwenye shauku ya Mola itamwinua, mwenye uchafu itauchochea. Nadhani lina ukweli pia kwa hospitali. Wala halihitaji dini: kwaya ya mtaa isiyomtaja Mungu, inayoimba mapenzi ya zamani, reli na kijiji kilichohamwa, nayo ina cha kutikisa.

Basi mtunzi aliyeombwa kwaya kwa ajili ya wodi ya wazee afanye nini? Asome vipimo vyote, havitamdhuru. Ashushe ufunguo, kwa sababu soprano wa miaka 75 hapandi tena alikopanda, na besi wa 80 apewe noti ndefu za kushikilia wakati wengine wanatembea. Mistari aianze mifupi, airefushe taratibu, ili pumzi ijifunze bila kuamriwa. Maneno yawe ya lugha waliyolelewa nayo. Kisha atafute jambo ambalo watu hawa wangetaka kuliimba hata kama kesho daktari angepita kitanda kwa kitanda akiwaambia kwamba vipimo vimekosewa, na kuimba hakuna faida yoyote mwilini.